Msamaha Niliouomba Mbele ya Watu

Mapendo mwanangu,

Umepanda Kalinzi kumuaga baba yako mdogo, na mimi nimekaa uwani nalinda dagaa wasiliwe na kunguru. Mkono mmoja una fimbo, mwingine una kalamu, kwa hiyo mwandiko ukipinda usishangae. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu tutagombana. Sisi wawili hatujawahi kuzungumza jambo hili bila mmoja wetu kuinuka na kutoka nje.

Sikuambii ufunge begi vipi. Mama zako wa kanisani wameshakuambia habari za maji ya kuchemsha, za wavulana wa chuo, na za kutosinzia treni ikisimama Tabora. Wamekuambia kwa upendo na sina la kuongeza. Mimi nataka kusema habari za kaka yako na zangu. Mengi unayajua, ulikuwepo. Lakini wewe siku ile ulikuwa mtoto umekaa chini kwenye vumbi, na mimi nilikuwa nimesimama. Mtu aliyesimama huona nyuso zote. Labda ndiyo maana niliogopa kuliko wewe.

Nianze nyuma kidogo. Unajua kwamba nilivuka ziwa nikiwa mdogo, vita vilipofika kwetu upande wa Baraka, na kwamba tuliteremkia Kibirizi mimi na mama mdogo. Sijakusimulia tulivyoishi mwezi ule wa kwanza. Tulipewa chumba cha uani na familia moja hapa Ujiji, watu wema, wala sitawasema vibaya. Kila alfajiri mama mdogo aliniamsha nifagie. Nikimaliza mbele ya chumba chetu aliniambia, “Fagia na kwao.” Nikimaliza kwao aliniambia, “Fagia na kwa jirani.” Siku moja nikamuuliza mbona watoto wa pale wenyewe hawafagii. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha ng’ambo: “Mutu ukimufagilia, hawezi kukuchukia.”

Hayo ndiyo maziwa niliyonyonyeshwa katika nchi hii. Nikaingia shule, wakanicheka kwa kusema mutoto na muzuri, nikajizoeza usiku na mchana mpaka ulimi ukanyooka. Nikawa wa kwanza kufuta ubao, wa kwanza kuchota maji ya mwalimu. Nilipomaliza la saba na jina langu likawa limo katika waliochaguliwa, mama mdogo akasema kidato cha kwanza ni cha watoto wenye kwao. Sikulia. Nilichukua ungo nikaenda mwaloni, boti zinakoshusha samaki, kununua dagaa. Nilifikiri ni haki.

Baba yako aliponioa, ndugu zake wa Kalinzi walisema yeye, Bitwale mkubwa, amekwenda kuokota mke majini. Alicheka nao, kisha akanijengea nyumba hii. Alikuwa mtu wa utani na alikufa mapema, wewe ukiwa bado unatambaa. Ninyi ni watoto wa Mha, mna ukoo, mna mashamba ya kahawa kule juu ambayo hata sasa migomba ya babu yenu inaonekana ukiwa barabarani. Lakini mtaani hapa mlikuwa Waha siku mliyofaulu na Wakongo siku kilipopotea kitu. Hilo nalo niliona ni haki. Niliona ni hesabu ninayopaswa kuijibu mimi.

Ndipo nikaanzisha darasa. Watu wanasema lilikuwa jambo zuri, na lilikuwa zuri, sikatai. Watoto wetu, wale ambao mama zao walivuka kama mimi, walikuwa wanafika sekondari na kuzama. Kiingereza kiliwashinda, hesabu ziliwashinda, na nyumbani hakuna aliyejua kuwasaidia. Wengine walikuwa wanaona aibu kuuliza swali darasani kwa ajili ya lafudhi. Nikawaambia kina mama wenzangu tuombe kile chumba nyuma ya kanisa, na nikamwendea baba yako mdogo, ambaye tayari alikuwa akifundisha hesabu sekondari. Nilimwambia, “Shemeji, hawa watoto wanataka kufika chuo na hakuna anayejua njia.” Akasema, “Mimi naijua nusu yake. Hiyo nusu nitawapa.” Akawa anakuja kila jioni na baiskeli, na chaki mfukoni.

Kanuni nilitunga mimi. Ilikuwa hivi: kila anayesoma kwetu, Jumamosi anatumika. Vijana walifagia zahanati. Walizibua mitaro ya soko. Walimchotea maji kila mzee wa mtaa asiye na mtu, awe wa kwetu au asiwe wa kwetu, na hasa asiwe wa kwetu. Kwenye misiba ya watu walichimba na kupika na kuosha masufuria, wakarudi nyumbani wa mwisho. Baba yako mdogo alinionya mara moja tu. Alisema, “Shemeji, Jumamosi ndiyo siku ya kufanya mitihani ya majaribio. Wenzao wa mjini wanaifanya.” Nikamjibu kwamba mtihani wa watoto hawa hauko kwenye karatasi, uko machoni mwa majirani. Alinitazama sana. Kisha akahamishia mitihani Jumapili baada ya ibada, watoto wakawa hawana siku ya kupumzika.

Kaka yako aliipenda ile kazi. Hilo nataka ulishike, maana wewe unadhani nilimlazimisha. Yaya wako, kama tunavyomwita kaka sisi wa ng’ambo, alikuwa na moyo wa kubeba. Akikuta mtu amesimama na mzigo, mkono wake ulikuwa umeshafika kabla hajafikiri. Akawa wa kwanza katika darasa letu kumaliza kidato cha sita, na jibu la chuo likaja, uhandisi, Dar es Salaam. Kina mama walipiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka kuuliza kuna nini. Mzee Sadala mwenyewe, na maboti yake yote, alisimama mlangoni kwetu akasema, “Mama Bahati, huyu kijana ni wetu sote.” Nilihisi nimefika. Miaka yote ya ufagio, nikasema moyoni, imezaa.

Ni mwaka uleule ziwa lilipopanda. Unakumbuka maji yalivyokula nyumba za ufukweni moja baada ya nyingine, polepole, bila kelele, mtu analala akiwa na kuta na kuamka ana tope. Bahati aliwaongoza vijana wote wa darasa. Walibeba vitanda, makabati, wagonjwa, kuku. Nyumbani kwa Mzee Sadala walishinda wakitoa nyavu na mashine za boti ghalani na kuzipandisha kwa ndugu yake huku juu. Nilipita nikawaona wamejipanga kama siafu, maji kiunoni, kaka yako mbele na mashine begani, anaimba. Nilisimama makusudi ili watu waone kwamba mimi ndiye mama yake.

Mashine moja ikakosekana.

Siku chache tu zilitosha. Kwanza watoto waliacha kukuita mchezoni. Kisha mama mmoja niliyemuuguza akanunua dagaa kwa mwingine akiwa ananitazama. Kisha spika ya mtaa ikatangaza mkutano.

Sasa nifike pale ambapo wewe na mimi hatupiti. Watu walikuwa wamejaa. Mzee Sadala alisema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi: “Hawa Wakongo tumewapokea, tumekula nao, sasa wametuzoea.” Yeye, ambaye babu wa babu yake alitoka Manyema akapita majini hayohayo. Nusu ya Ujiji ilitoka ng’ambo, mwanangu. Tofauti yetu ni nani alitangulia kushuka. Nilikuwa na hilo jibu mdomoni, nikalimeza.

Mwenyekiti akamuuliza Bahati, “Mashine iko wapi?”

Bahati akasema, “Sijui, Mwenyekiti. Niliibeba nikaiweka pale nilipoambiwa niiweke.”

“Nani alikuwa anapokea?”

“Baba Zuhura.”

Huyo alikuwa mkwe wa Mzee Sadala, amekaa palepale mbele na kanzu safi. Akacheka. Watu wakaguna. Baba yako mdogo akainuka, akasema, “Jamani, hakuna aliyemwona huyu kijana akichukua kitu. Tuulize vizuri.” Sauti za nyuma zikaanza kupanda. Nikasikia mtu anasema choma. Labda alisema choma, labda alisema soma, hata leo sijui. Mimi nilisikia vita. Nilisikia Baraka. Nikamvuta shemeji yangu shati nikamwambia akae, nikasimama mimi, nikapiga magoti, nikasema, “Ndugu zangu, mtusamehe. Ni vijana. Ni malezi yangu. Mtusamehe.”

Miaka yote hii nimekuambia kwamba nilisema “kama ni sisi, mtusamehe.” Na wewe umekuwa ukinijibu kwa ile sauti yako kavu, “Hukusema kama, Mama.” Sawa. Sikusema. Nililitafuta neno hilo baadaye, nikalipachika mahali ambapo halikuwepo, na nikaliamini. Lakini hata ningelisema, nani angelisikia? Mama mzazi amepiga magoti. Kwa watu wote pale, shauri lilikuwa limekwisha.

Kaka yako hakuniangalia kwa chuki. Aliniangalia kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Walipokuwa wanamwondoa aliniuliza, taratibu kabisa, “Mama, umeniombea msamaha wa kosa gani?”

Akawekwa ndani. Akatolewa kwa dhamana, na sharti likawa kwamba kila wiki aende kuripoti kituoni. Mtu anayeripoti Kigoma kila wiki hawezi kuanza masomo Dar es Salaam. Chuo kikafunguliwa bila yeye. Wenzake wakapiga picha mbele ya mabweni, akaziona kwenye simu, akaiweka simu chini akaendelea kushona nyavu. Katika watu wote aliowabebea vitanda hakuna aliyekuja kusema neno, wala kuketi naye tu, Mapendo, hata hilo la kuketi. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba nikiwa bado nasalimia, bado naulizia wagonjwa, bado natuma watoto wa darasa wakafagie. Nilifikiri tukizidisha wema watatuonea haya. Siku moja Bahati alinishika mkono nikiwa na ufagio akasema, “Mama, wacha kufagia.” Nikamwambia hajui dunia. Nikamsukuma nikatoka.

Mashine ilionekana Ilagala, mvua zilipoanza, kwenye boti ya mtu aliyeinunua kwa Baba Zuhura. Hilo nalo unalijua. Unajua kwamba Baba Zuhura alikimbia na hajulikani yuko wapi mpaka leo, na kwamba mambo yakazungumzwa chumbani kwa Mzee Sadala, familia kwa familia, mlango umefungwa, kwa kuwa binti wa Mzee, mke wa mtu huyo, angeaibika. Kumtuhumu mwanangu kuliitiwa spika. Kumsafisha kulinong’onwa. Bahati akaambiwa kituoni asirudi tena kuripoti, basi. Alifika nyumbani akasema, “Wamesema nisirudi,” akala, akalala.

Baba yako mdogo alisema nafasi ya chuo inaweza kuombwa upya mwaka ujao. Alishaanza kufuatilia. Lakini yaya wako alikuwa amekwisha kuondoka ndani yake mwenyewe. Akapanda boti ya Kalemie bila kuniaga. Wewe alikuaga, nikajua baadaye, na nilikuonea wivu. Anafanya kazi bandarini kule, anapakia na kupakua. Mkono wake ulikuwa wa kushika kalamu za uhandisi. Alirudi ng’ambo niliyoikimbia nikiwa mtoto ili nisife. Nikilifikiria hilo huwa nacheka, na kicheko hicho si kizuri.

Darasa likafa. Kina mama walisema wamechoka. Kweli ni kwamba hawakutaka tena watoto wao waonekane.

Ukalifufua wewe, na hapo ndipo tulipogombana kwelikweli. Ulikuwa kidato cha tatu. Ulitoa mikeka yangu ya dagaa, ukaitandika hapa uani, ukamrudisha baba yako mdogo na baiskeli yake iliyochakaa. Nikakuuliza, “Na Jumamosi watafanya kazi gani?” Ukajibu, “Watafanya hesabu.” Nikakuuliza watu watatuonaje. Ukasema, “Watatuona tunafanya hesabu.” Nilikasirika siku mbili nzima. Nilihisi umenitukana mimi na mama yangu mdogo na ufagio wake. Lakini nilichemsha uji wa watoto wale, maana siwezi kukaa na watoto wenye njaa.

Kisha ukamleta Zuhura.

Nilirudi mwaloni nikamkuta amekaa kwenye mkeka wangu, binti wa mtu yule, anaandika. Nilikuita jikoni. Nilikuambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Ukaniacha nimalize, kisha ukasema, “Mama, Zuhura hakuiba mashine. Ukimfukuza, utakuwa umemfanyia alichofanyiwa yaya.” Ulikuwa na miaka mingapi? Nani alikufundisha kusema hivyo? Si mimi.

Sikumfukuza. Lakini sikumkaribisha. Miaka hii yote amekuja hapa, amesoma kiangazi na masika, amefanya mitihani ya majaribio kwenye ubao ulioegemezwa kwenye choo chetu, na sikuwahi kumwita kwa jina lake. Nilimpa uji bila kumtazama. Aliniamkia kila siku, “Shikamoo, Mama,” na niliitikia nikiangalia sufuria. Matokeo yalipotoka mmefaulu wote wawili, chuo kimoja, Dodoma, wewe ualimu wa hesabu na yeye takwimu. Watu walikuja kunipongeza kwa ajili yako. Baadhi walikuwa na nyuso zilezile za mkutanoni. Mmoja akasema, “Binti wa Kiha huyu!” Umeona? Umeshakuwa Mha tena. Nikamwambia asante, na soda nilimpa. Sijapona ugonjwa wangu wote.

Sitaki ufikiri nakuandikia ili nikuambie nimesamehe. Sijasamehe. Nimejaribu kanisani, nimejaribu nikiwa peke yangu majini nikiosha mikeka, haiji. Na hata huruma yako kwa Zuhura, ambayo naiheshimu, ndani yake mimi bado naionja kama shubiri. Mtoto wa aliyeiba anakwenda chuo. Mtoto wa aliyepiga magoti anabeba magunia Kalemie. Siwezi kuliita hilo jambo jingine.

Leo asubuhi, ulipokuwa umeshaondoka na bodaboda, Mzee Sadala alikuja. Amezeeka sana, umemwona, anatembea kwa mkongojo na jicho moja limefifia. Zuhura alikuwa amemshika kiwiko. Nilimpa kigoda kwa sababu ni mzee. Akauliza habari za dagaa, nikamjibu. Akauliza habari za safari yako, nikamjibu. Kisha akasema, “Mama Bahati, nimekuja kuomba. Huyu mjukuu wangu hajawahi kupita Uvinza. Naomba asafiri na Mapendo, wakae pamoja, wafikie pamoja. Huko ugenini wasipotezane.”

Ugenini, alisema. Kwa mjukuu wake, Dodoma ni ugenini.

Zamani ningesema hapohapo, “Bila shaka, Mzee, mwanao ni mwanangu,” nikamletea na maji ya kunywa. Midomo ilishaanza kujipanga yenyewe. Nikaifunga. Tukakaa. Kunguru wakashuka kwenye dagaa na sikuwafukuza.

Nikasema, “Mzee Sadala, Bahati aliiba?”

Zuhura akainamisha kichwa. Mzee akageuza mkongojo wake mchangani.

“Mama Bahati, hayo ya zamani…”

“Shikamoo yangu unayo, Mzee. Sikuombi radhi, wala sikuombi uniombe radhi mimi. Nakuuliza. Aliiba?”

Jirani zetu walikuwa nje wanafua, na nilijua wameacha kufua. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, “Hakuiba.”

“Sijasikia.”

“Babu,” Zuhura akasema, “sema.”

“Hakuiba!” akapaza sauti, nusu kwa hasira. “Yule kijana hakuiba. Tulijua. Haya, umefurahi?”

Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama mtu anavyongoja mvua, nayo ikaja, na shamba lilishakauka. Nilimwambia kwamba kuhusu safari, aliyeamua ni wewe, nawe ulishakubaliana na Zuhura kabla yeye hajaja kuomba. Mimi sina cha kutoa wala kuzuia. Akainuka. Alipokuwa anapita lango, nilimwita Zuhura. Kwa jina, Mapendo. Akageuka ameshtuka. Nikamwambia tu Tabora usiku kuna baridi, abebe kitenge kizito. Akasema, “Ahsante, Mama.” Hivyo basi. Usitafute zaidi ya hapo.

Sasa nakuambia nililojifunza, na unaweza kulikataa kama ulivyokataa mengine. Utakuta huko chuo watu wa aina yetu, waliovuka mito na maziwa tofauti, na watakuwa wa kwanza kujitolea kupanga viti. Utajua kwa kuwatazama. Panga viti nao ukipenda. Kupanga viti si dhambi, na mtu mwenye moyo wa kubeba kama yaya wako asizuiwe kubeba. Lakini ukijikuta unapanga viti huku unachungulia kama wamekuona, keti. Keti kwenye kimojawapo. Mimi nilisimama maisha yangu yote, na siku niliyotakiwa kusimama nikapiga magoti.

Wakikuuliza kwenu wapi, hilo nakuachia. Mimi sikuwahi kulijibu vizuri.

Mzee alipoondoka nilimpigia kaka yako. Huwa hapokei, nilitaka tu simu iite kule aliko. Akapokea. Nyuma yake nilisikia bandari, watu wanapigiana kelele kwa lugha ya mama yangu. Nilimweleza yote kwa pupa, Mzee amesema, amesema kwa sauti, majirani wamesikia, hukuiba. Akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

Akasema, “Mama, mimi nilikuwa najua. Mimi ndiye ambaye sikuiba.”

Nikajiona mjinga hapo uani, na simu sikioni, nimempelekea mtu habari yake mwenyewe kama zawadi. Nikamwambia, “Basi nisamehe mimi. Siku ile niliomba kwa watu wote isipokuwa wewe.”

Nilisikia gunia likitupwa. Kisha akauliza, “Treni ya Mapendo inaondoka saa ngapi?”

Nikamwambia. Akasema, “Haya, Mama,” akakata.

Nimekaa tangu wakati huo nalifikiria swali lile. Sijui kama lilikuwa jibu, au ni mtu tu anayetaka kujua saa ambayo dada yake anaondoka. Sitampigia tena kumuuliza. Kama atakupigia ukiwa njiani, ongea naye unavyotaka, na usinisimulie alichosema juu yangu.

Jua linageuka, dagaa wa chini bado wabichi, na nasikia kama bodaboda yako inateremka. Nitakuwa stesheni kesho, nitasimama nyuma ya wengine, na sitapunga mkono sana.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Bahati